Anamwelekeza boda kwa mkono na boda yuko Zakhem

Mi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, kibanda changu kiko Mbagala Rangi Tatu pembeni kidogo ya stendi, na kama ushawahi kufanya hii kazi unajua kwamba sehemu kubwa ya siku ni kukaa tu. Asubuhi wateja, jioni wateja, hapo katikati unakaa unaangalia watu. Na watu wanaokuja kwa wakala wote wana simu na nusu yao wanakuja wakiwa wanaongea, huyu anaongea na mwanae aliyeko shule, huyu na anayemdai, huyu na boda aliyepotea. Kwa muda mrefu nilikuwa nasikiliza, baadae nikachoka kusikiliza nikaanza kuangalia mikono, maana maneno ya simu yanafanana sana aisee, ila mikono kila mtu na yake.

Chukulia hao wanaoelekeza boda. Dada mmoja alikuwa anasubiri mzigo wake kutoka Kariakoo, boda keshafika Zakhem anauliza njia. "Njoo na barabara kubwa mpaka uone kituo cha mafuta, sio hicho cha kwanza, cha pili, halafu ingia kama unaenda ndani, kuna transfoma, kwenye transfoma usinyooke, kata kulia." Simu iko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unafanya kazi yote. Barabara kubwa ikanyooshwa kwa kiganja, "sio hicho" kidole kikapungia hewani kukifuta kituo cha kwanza, transfoma ikasimamishwa hapo mbele ya dirisha langu kabisa, na alipofika "kata kulia" mkono ukakata na mwili mzima ukaufuata mpaka mkoba ukampiga kaka aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Na kitu kilichonifurahisha zaidi, ile kulia aliyokata ilikuwa ni kulia ya boda anayetokea barabarani, sio kulia ya yeye alivyosimama pale kwangu. Yaani kichwani alikuwa keshapanda pikipiki anaendesha. Boda hajaona hata kimoja cha hivyo vyote, yeye kasikia sauti tu na kelele za magari.

Sasa kwa nini tunafanya hivi? Fundi simu wa kibanda cha jirani anasema ni mazoea, mtu kaanza kuongea na watu ana kwa ana tangu mdogo, mkono umezoea kutembea, simu imekuja mkono haujapewa taarifa. Anasema tunaiga, mtoto anaangalia mama yake anavyorusha mikono na yeye anarusha. Hoja sio mbaya na kama nisingekuwa na binamu yangu ningeikubali nikaendelea na floti zangu.

Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, haoni tangu kuzaliwa, hata mwanga haoni. Ni mwalimu mkoani na likizo akija Dar anapenda kukaa kwenye benchi langu, na mara nyingi anakuwa na rafiki yake waliyesoma wote ambae nae haoni. Hawa wawili mpira wanaufuatilia redioni na siku baada ya mechi ya watani wa jadi ukae mbali. Anasimulia goli: "krosi ikatoka kulia", mkono wake wa kulia unachora upinde kutoka usawa wa bega unakuja katikati, "ikamkuta yuko peke yake", kiganja cha kushoto kimekaa pale kinasubiri, "akaitia kichwa, pu! wavuni", na kiganja kinashuka kwa nguvu kwenye paja. Rafiki yake anamkatalia, "hapana bwana, ile ilimgonga beki kwanza", na vidole viwili vinagonga ngumi ya mkono wa pili halafu vinabadilisha njia. Wamekaa hapo, hakuna anayemwona mwenzie, hakuna aliyewahi kuona mkono wa binadamu yeyote ukifanya chochote, na wanachoreana goli hewani. Mtazamaji ni mimi peke yangu na mi ni shabiki wa timu iliyofungwa.

Nikamuuliza siku moja, bro hiyo mikono yako huwa unaisikia inavyotembea? Akauliza mikono gani. Nikamweleza. Akacheka, akaishika magotini akaendelea na stori, na stori ikaanza kukatikakatika, "ile... yule... akapiga ile...", anatafuta neno haliji, mpaka alipojisahau mikono ikainuka na maneno yakarudi. Akasema usinikumbushe tena habari za mikono.

Huyo alinifanya nianze kusoma kuhusu hili jambo, maana kibandani muda upo na bando lipo. Nikakuta wenzetu walishalipima zamani. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti wao wa watoto na vijana 12 wasioona tangu kuzaliwa. Waliwapa maswali ya kufikiria, mfano maji yakimiminwa kutoka glasi ndefu kwenda chombo kifupi je ni yaleyale, halafu wanaeleza kwa nini. Wote 12 walitumia mikono wakieleza, na kwa kiwango kinachofanana na wenzao wanaoona, hadi umbo la mkono wa kumimina lilikuwa lilelile, vidole vimejikunja vimeshika glasi ambayo haipo halafu mkono unainama. Na wengine wanne wasioona tangu kuzaliwa walikutanishwa na muulizaji ambae nae haoni na wakaambiwa kabisa kwamba huyu haoni, na bado mikono ilitembea. Niliposoma hapo nikaliangalia benchi langu nikacheka peke yangu.

Hiyo ni mikono ya kuongea. Kuna na ile ya furaha, mtu akishinda anarusha mikono yote juu, kifua mbele, kichwa nyuma. Jessica Tracy na David Matsumoto walichukua picha za wacheza judo wa Athens mwaka 2004, wa Olimpiki na wa Paralimpiki, wakalinganisha, na wale wasioona tangu kuzaliwa wakishinda wanafanya hivohivo. Hakuna aliyewaonesha. Binamu yangu nae goli likiingia redioni mikono inapanda hadi inagonga mwamvuli wangu wa kampuni ya simu, na hajawahi kuona mtu anashangilia maishani mwake.

Kwa hiyo hoja ya kuiga kwa macho hapo inakufa. Fundi simu bado hajakubali lakini yeye hata ukimwonesha risiti anabisha.

Ila nisiseme kila kitu tumezaliwa nacho, hapana, na hapa ndo pananinogea. Kinachozaliwa ni ile hamu ya mkono kutembea pamoja na mdomo. Namna unavyotembea, hiyo unapewa na watu uliokulia nao, na ajabu ni kwamba unaweza kuipata hata bila macho. Mwaka 2016 Goldin-Meadow huyohuyo na wenzake, Şeyda Özçalışkan na Ché Lucero, walichapisha utafiti wa wasioona wanaoongea Kiingereza na wasioona wanaoongea Kituruki wakieleza mtu anavyokimbia kuingia mahali na vitu kama hivyo. Kwa wanaoongea Kiingereza lugha inabana mwendo na njia kwenye sentensi moja, na mkono nao unabana, unakimbia huku unaelekea. Waturuki wanatenganisha, na mikono yao inatenganisha. Wasioona wa kila upande wakafuata wa lugha yao, bila kuona ishara hata moja. Maana yake namna ya mkono inapita kwenye lugha yenyewe, masikioni.

Sisi nae Kiswahili chetu kimejaa hizo za masikioni. Mtu kaanguka pu! Jiwe limetumbukia chubwi! Kijiti kimekatika kacha! Jaribu kusema "akaanguka pu" huku mikono iko mfukoni, utaona unavyojisikia umebanwa. Pale kibandani wakipiga stori ya ajali au ya ugomvi wa jana usiku, mkono unashuka palepale neno linapotoka, hauwahi wala hauchelewi, hata mlevi anaeyumba, mguu unakosea njia lakini "pu" yake na mkono wake vinafika pamoja.

Hilo la kufika pamoja lina mtu wake maarufu. Kuna Mwingereza anaitwa Ian Waterman, akiwa na miaka 19 alipata maambukizi yakamwondolea kabisa hisia za mguso na za kujua viungo vyake viko wapi, kuanzia shingoni kushuka chini. Misuli inafanya kazi ila hajui mkono uko wapi mpaka auangalie. Alijifunza upya kila kitu, kutembea, kula, kwa kuangalia kwa macho kila tendo, na taa zikizimika anaanguka. Watafiti akiwemo David McNeill wakamkalisha mikono ikiwa imefichwa asiione. Ukimwambia afanye kazi ya mkono, afungue kitu au ashike kitu, hawezi. Ukimwacha apige stori mikono inatembea na inaendana na maneno yake vizuri tu. Mi hapo nikaona hapa tunaongelea mfumo mwingine kabisa, mkono wa kushika kikombe una bosi wake na mkono wa kuongea una bosi mwingine, na huyo bosi wa pili anakaa ofisi moja na mdomo.

Turudi kibandani. Nimewaona wazee wengi wakifanya kitu ambacho vijana hawafanyi. Mzee yuko kwenye simu, kaishika mkono wa kulia, anaelekeza, na panapofika pa kuonesha njia anasita, anahamisha simu mkono wa kushoto, ndo anaonesha kwa wa kulia, akimaliza anairudisha. Kila kona simu inahama. Hakuna anayemwona zaidi ya mimi, lakini kulelewa kumemwambia mkono wa kushoto hauoneshei mtu kitu, ndo maana pesa nae ananipa kwa wa kulia na wa kushoto umeshika kiwiko. Vijana simu kulia, njia kushoto, hawana habari. Sotaro Kita na James Essegbey waliliangalia hili Ghana, ambako kuonesha kwa kushoto ni kukosa adabu, wakaandika mwaka 2001. Watu waliokuwa wanaulizwa njia wengine wanaficha kabisa mkono wa kushoto nyuma mgongoni, wanajipinda kuoneshea kwa wa kulia kitu kilichoko kushoto, lakini ule wa kushoto ulikuwa unatoroka kidogo, unaonesha chini chini usawa wa nyonga. Nikisoma hiyo nawaza wamama wa kwetu, mdomo unabinuka unaelekea upande wa anayesengenywa, mikono imetulia kwenye vitenge na adabu yote, kumbe adabu iko mikononi tu.

Hata salamu ya mbali ina hayo mambo mawili, la kuzaliwa nalo na la kufundishwa na watu wako. Mteja yuko ng'ambo ya barabara, anainua kidevu kuuliza kama pesa ipo, mi napandisha nyusi kwamba ipo anavuka, au nageuza viganja vyote viwili juu kwamba hakuna anaendelea na safari zake. Nyusi hizo Irenäus Eibl-Eibesfeldt, Mu-Austria aliyezunguka dunia kurekodi watu, alizikuta kwenye jamii nyingi mno watu wakisalimiana, zinapanda mara moja na kushuka. Alikuwa anatumia kamera yenye kioo ndani ya lenzi, inaonekana imeangalia mbele kumbe inarekodi ubavuni, ili watu wasijue. Mi silaha yangu ni kuhesabu noti, ukihesabu noti hakuna anayejua unaangalia nini. Ila kutumia hizo nyusi kusema "ndio ipo" sio la kila mahali, kuna mgeni kutoka mbali ukimpandishia nyusi anasubiri jibu.

Nimejaribu pia kulinganisha simu na voisi. Mtu akipiga simu mkono unatembea, akirekodi voisi ya WhatsApp mkono unapoa. Anaisogeza simu mdomoni, anaongea amesimama wima, mkono mwingine umeshuka. Mwanzoni nilidhani ni sababu ya kubonyeza kile kitufe, lakini hata wanaoifunga irekodi yenyewe ni vilevile. Janet Bavelas na wenzake kule Kanada walikuta karibu hivo mwaka 2008, watu walioeleza picha kwa mtu kwenye simu walitumia mikono vizuri, walioongea na kinasa sauti peke yao ilipungua sana, na walioonana ana kwa ana ishara zao zilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo msikilizaji ana sehemu yake, hata asipoonekana, ilimradi yupo na anaitikia "eeh, eeh". Voisi haiitikii.

Na kabla sijasahau, kuna hawa wa kwenye vidio fupi wanaofundisha kumjua mwongo kwa mikono, akigusa pua anadanganya, akiangalia juu anatunga. Mi nakaa na pesa, matapeli wanapita kila wiki, na wote wana mikono mizuri tu, wametulia, wanakuangalia usoni, wanacheka na wewe. Mama mwenye shida ya kweli ndo anatetemeka anagusa pua anaangalia juu. Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 walikusanya tafiti nyingi za watu wakikisia nani mwongo na wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54, wakati ukibahatisha tu unapata 50. Tapeli mi namjua kwenye ujumbe wa muamala, naangalia salio langu lenyewe, habari za pua nawaachia wao.

Mikono inasema vitu vingine, mfano mtu yuko wapi kwenye kufikiri. Mpwa wangu anakuja na hesabu za sehemu kibandani, anaeleza, mdomo unakosea lakini vidole vinapanga vitu viwili viwili vizuri, hapo najua kakaribia, nikimsubiri kidogo anapata. Shuleni mwalimu wao mmoja anawaambia wakieleza ubaoni mikono iwe nyuma, eti ndo nidhamu. Mi hilo silikubali na nilishasema kwenye kikao cha wazazi. Goldin-Meadow na wenzake mwaka 2001 walionesha watu wakieleza hesabu walizofanya, wakiruhusiwa kutumia mikono wanakumbuka zaidi vitu vingine waliyopewa kushika kichwani wakati huohuo, wakizuiwa wanakumbuka vichache. Mkono unabeba sehemu ya mzigo. Sasa unamfunga mtoto mikono halafu unamuuliza robo tatu ya 20, kwa kweli.

Wa mwisho ni mama mmoja, mteja wangu, mwanae yuko Oman kikazi na anapiga simu kila mwisho wa mwezi pesa ikishatumwa. Sasa kwetu ukionesha urefu wa mtoto hulazi kiganja, unasimamisha vidole viangalie juu, kulaza ni kwa mifugo, shangazi yangu ukilaza kiganja kwa mtoto wa mtu anakupiga mkono, anasema unamkandamiza asikue. Basi huyu mama anamwambia binti yake, "mwanao kawa mkubwa, yuko hivi", na vidole vimesimama usawa wa kiuno. Sentensi inayofuata, "na yule mbuzi uliyemwacha mdogo nae yuko hivi", kiganja kikalala. Vimo vinakaribiana kabisa, mkono umebadilika, na simu ni ya kawaida haina picha. Alipokata nikamwambia mama, wa Oman hajauona huo mkono wako, ungeonesha vyovyote tu. Akaniangalia kama nimekosa malezi, akasema, "Kwa hiyo nimdumaze mjukuu wangu kisa simu?"